Kuchangisha Fedha Bila Kuanika Watu

Kabla hujamwandikia mfadhili yeyote, keti na wenzako wawili mnaoaminiana, mhesabu mtandao wenu unakula kiasi gani kwa mwezi. Vikundi vingi vya watu wa LGBT wanaosaidiana kwa simu huanza na swali la nani atatoa pesa. Swali la pesa hizo ni za nini hubaki likining'inia hadi siku fomu ya maombi inapofika, na siku hiyo watu hukisia. Mfadhili mzoefu akisoma hesabu ya kukisia anaijua.

Chukua mtandao mdogo wa Kasulo na mitaa ya jirani hapa Kolwezi: watu watano wa kujitolea wanaopokezana zamu kwenye Signal na WhatsApp. Wanamjibu kijana aliyefukuzwa nyumbani, wanamwelekeza mwingine kwenye kituo cha afya ambako hatadhalilishwa, wanawaonya wenzao kuhusu mtu anayejifanya mpenzi kwenye Facebook ili amvizie mtu na kumpora. Programu zenyewe ni za bure. Kinachogharimu ni mega za intaneti, yunite za kupiga simu, chaji na usafiri. Mabwawa ya Nzilo na Nseke hayako mbali na Kolwezi, ila umeme wake una wateja wakubwa migodini, na mtu wa mtaani anayetaka simu yake ishinde usiku mzima ikiwa hai hulipia chaji dukani au hununua betri ya akiba. Tuseme kila wa zamu anahitaji dola 10 za mega na yunite: hizo ni 50. Weka 15 za chaji, 7 za seva ndogo ya kuhifadhi nakala, na 40 za dharura kama teksi ya usiku na malazi ya siku mbili. Mmefika dola 112 kwa mwezi, yaani 1,344 kwa mwaka. Ongeza simu mbili za kubadilisha zilizochakaa, dola 240, na sasa mnajua kwamba mnatafuta 1,584. Tarakimu zenu zitakuwa nyingine. La muhimu ni kwamba kila dola iwe na kazi unayoweza kuitaja.

Mega na chaji ni lazima ziandikwe hata kama leo kila mtu anajilipia. Anayejitolea ametoa muda wake na usingizi wake. Akitoa na mega zake mwezi baada ya mwezi atachoka kimyakimya, ataanza kuchelewa kujibu, kisha zamu yake itabaki tupu, na hakuna atakayejua kwamba kilichomwondoa ni dola kumi. Mrudishie alichotumia, kwa risiti, na watano wote kwa kiwango kimoja.

Pesa ya kwanza itoke ndani. Nasema hivi nikijua vizuri hali ya mifuko ya watu. Likelemba kila Mkongomani anaifahamu: watu kumi wanatoa sawa, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Mfuko wa mtandao unafuata nidhamu hiyohiyo, isipokuwa hakuna anayechukua kwa zamu. Kinachokusanywa kinabaki kwa kazi. Lakini usiweke kiwango kimoja kwa wote. Kolwezi inaishi kwa kobalti na shaba, na serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi tarehe 22 Februari 2025, kisha kuufungua kwa mgawo kuanzia Oktoba mwaka huohuo, kila anayepata riziki kutokana na kobalti alikuwa na sababu ya kuhofia mfuko wake. Mchango wa lazima wa dola tano ungewafukuza wale hasa wanaohitaji mtandao. Kila mtu atoe anachoweza, mwezi ambao hana asitoe, na asiulizwe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo miongozo ya kuchangisha iliyoandikwa Ulaya na Marekani haina sababu ya kulifikiria. Kwingine, orodha ya wachangiaji ni heshima: majina yanabandikwa ukutani, watu wanashukuriwa hadharani. Kwenu, orodha ya waliochangia ni orodha ya watu wa LGBT wa Kolwezi, na ikishaandikwa popote, siku moja itasomwa na mtu msiyemtaka. Sheria ya Kongo haitaji mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Hata hivyo, Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inaruhusu ndoa na mtu wa jinsia tofauti tu, na kifungu cha 176 cha sheria ya adhabu, kuhusu kuvunja maadili hadharani, kimekuwa kikitumiwa dhidi ya watu hawa. Na mara nyingi polisi si hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni mjomba, mwenye nyumba, mchungaji, au mtu anayesema nipe dola mia la sivyo nitamwambia baba yako.

Fikiria safari ya faranga elfu tano. Mtu anakwenda kwenye kabine ya pembeni mwa barabara: mwavuli, kiti cha plastiki, simu mbili tatu, daftari. Anataka kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mwenye kabine anaandika namba daftarini, anaandika kiasi, na kabla pesa haijaondoka jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini naye analisoma kwa sauti ili kuhakikisha. Nyuma kuna wateja wengine wawili wanaosikia. Mwenye kabine ni mtoto wa jirani. Watu ishirini wakituma kwa jina hilohilo wiki hiyohiyo, ameshaanza kujiuliza, na ikiwa mpokeaji ni mtu anayesemwa mtaani, ameshapata jibu.

Kwa hiyo, kwa wanaoonana ana kwa ana, fedha taslimu ni salama zaidi. Chagueni watu watatu au wanne, kila mmoja akusanye kwa marafiki anaowajua yeye tu, kisha apeleke jumla kwa mtunza fedha: "Kutoka kwangu, faranga 46,000." Bila majina wala idadi ya watu. Anayelazimika kutuma kwa simu atume mwenyewe kwa simu yake badala ya kumpa mtu wa kabine, na asiandike kamwe neno lolote la kueleza pesa ni ya nini. Na mtunza fedha asiwe mtu anayesimamia makundi ya mazungumzo. Mwenye pesa asijue watu, mwenye kujua watu asishike pesa. Simu ya mmoja ikikamatwa, nusu tu ya nyumba ndiyo iliyo wazi.

Usiri huu una adui wake ndani, nao ni uvumi kwamba fulani amekula pesa. Nimeona vikundi vya kila aina, vya kina mama, vya vijana wa kanisa, vya wachimbaji, vikivunjika kwa uvumi wa faranga chache, na kikundi ambacho hakiwezi kubandika majina ukutani kiko hatarini zaidi. Dawa yake ni tarakimu. Kila mwisho wa mwezi tumeni ujumbe mfupi kwa wote: tulianza na kiasi hiki, kimeingia hiki, mega zimekula hiki, dharura tatu zimekula hiki, kimebaki hiki. Kila matumizi yapewe namba, D1, D2, D3, na risiti yenye namba hiyo ipigwe picha na kuhifadhiwa mahali pamoja palipofungwa. Mwanachama yeyote awe na haki ya kuuliza "D2 ilikuwa nini?" na kujibiwa "teksi na malazi ya usiku mmoja" bila kuambiwa ya nani. Matumizi ya zaidi ya dola 30 yakubaliwe na watu wawili. Mara moja kwa mwaka mpeni mtu mwenye akili ya hesabu asiye kwenye uongozi apitie risiti zote.

Baada ya miezi sita ya kuendesha mfuko namna hii mna kitu cha kumwonyesha mfadhili wa nje. Hapo anza kumtafuta, ukimtazama kwa macho ya mtu wa Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo alipochimba uani kwake alikuta jiwe la kobalti, na muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa mashimo chini ya vyumba vya kulala. Mchimbaji asiye na akiba anahitaji mtu wa kumlisha, kumnunulia kamba na tochi hadi shimo lifike kwenye jiwe. Jiwe likipatikana, aliyelisha ndiye anayesema litauzwa kwa nani na kwa bei gani. Mwaka 2017 mkoa ukaikabidhi sehemu ya mtaa kampuni ya CDM, tanzu ya Huayou ya China, familia zikahamishwa na ukuta ukajengwa. Pesa ya mfadhili inaweza kufanya kazi hivyohivyo: aliyelisha ndiye anayeamua. Uliza mapema, kwa maandishi: mtatuomba majina ya wanufaika? Mtatuma mkaguzi mlangoni kwetu? Tukibadili mpango kwa sababu za usalama, itakuwaje? Mfadhili anayefaa hujibu bila kukasirika. Anayesema lazima apate nakala za vitambulisho vya waliosaidiwa, mshukuru na umwache, hata kama anatoa dola elfu kumi.

Jengeni pia desturi ya kutotegemea mmoja. Behind the Mask, tovuti iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 2000 kupasha habari za mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia kutoka kila pembe ya Afrika, ilifungwa mwaka 2012 kwa kukosa fedha, wakati wasomaji bado wanaihitaji. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kutoa misaada. Vikundi vilivyokuwa vikiendesha huduma za UKIMWI kwa pesa hizo viliamka asubuhi bila mishahara wala mega. Kwa mtandao mdogo ningependekeza hivi: mega na zamu, yaani uhai wenyewe wa mtandao, vilipwe na michango ya ndani na ya ndugu walio ughaibuni, ruzuku zilipe mafunzo, simu, betri, mambo ambayo yakikosekana mwaka mmoja mtandao hautakufa.

Pa kubisha hodi kwanza ni UHAI, mfuko ulioko Nairobi ambao tangu 2009 unatoa ruzuku kwa vikundi vya watu wa LGBT na wafanyabiashara ya ngono katika Afrika ya Mashariki, na Kongo imo katika eneo lake. Ubora wake kwetu ni kwamba wanaharakati kutoka jamii hizohizo hukaa kwenye kamati inayoamua nani apewe, kwa hiyo hutalazimika kueleza kwa nini hamna picha za mliowasaidia. Urgent Action Fund-Africa husaidia haraka wanawake watetezi wa haki walio kwenye dharura, wakiwemo wasagaji na wanawake waliobadili jinsia. Front Line Defenders ya Dublin hutoa ruzuku za ulinzi kwa mtetezi aliye hatarini: kuhama nyumba, kufuli, wakili. Usiiombe mega za mwaka mzima. Astraea ya New York na Mama Cash ya Amsterdam ni mifuko mikongwe, ya 1977 na 1983, nayo hupokea maombi mengi mno. Andikeni kwao mkiwa na historia ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kila mfuko, tuma kwanza barua fupi ya aya mbili kwa Kifaransa au Kiingereza kuuliza kama inafaa kuomba na kama wanapokea kikundi kisichosajiliwa. Jibu la hapana linalokuja mapema linakuokolea mwezi wa kuandika.

Katika ombi lenyewe, onyesha kazi. Sentensi kama "tunalenga kuijengea uwezo jamii iliyotengwa" imeandikwa na kila mtu duniani. Andika hivi: "Kila usiku, tangu jua linapozama hadi karibu usiku wa manane, watu wawili wa zamu wanajibu ujumbe. Mwezi uliopita tulipokea maswali ya afya, ya kufukuzwa nyumbani na ya vitisho; hili la vitisho linaongezeka, na ndiyo maana tunaomba pesa za kufundisha watu watano ulinzi wa simu." Ili uweze kuandika hivyo, wa zamu aweke alama tu: afya moja, nyumba moja, vitisho viwili. Asiandike jina, mtaa wala umri. Mwisho wa mwezi jumlisheni, kisha mzitupe karatasi za siku.

Kuhusu usajili, pimeni bila pupa. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inawaruhusu watu kuunda shirika lisilo la faida, ASBL, na njia yake inapitia Wizara ya Sheria. Faida yake ni akaunti ya benki na mlango wa wafadhili wakubwa. Gharama yake ni majina na saini za viongozi kwenye makabati ya serikali. Kenya, ambako sheria ni kali kuliko yetu, wanaharakati walipigania mahakamani tangu 2013 haki ya kusajili tume yao ya mashoga na wasagaji, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua upande wao tarehe 24 Februari 2023, na hasira za mitaani zilizofuata zilionyesha kwamba karatasi ya mahakama haimlindi mtu mtaani kwake. Kwa kundi la watu watano au kumi, njia nafuu ni kupokea ruzuku kupitia shirika lililokwisha sajiliwa, la afya, la wanawake au la haki za binadamu.

Shirika hilo liambiwe ukweli wote. Msiliingize kwa kificho, maana siku litakapogundua litawatupa na pesa zenu zikiwa ndani. Makubaliano yaandikwe: linakata asilimia ngapi, pesa ikifika inawafikia ndani ya siku ngapi, nani ndani ya shirika anajua nyinyi ni nani, salio ni la nani mkiachana. Na hata shirika mlezi kama hilo linaweza kufunga: Open Collective Foundation ya Marekani, iliyokuwa ikishika pesa za mamia ya vikundi vidogo, ilitangaza mapema 2024 kwamba inavunjwa mwisho wa mwaka huo. Msilaze pesa zenu zote za mwaka kwa mtu mwingine.

Benki ikiuliza pesa imetoka wapi, semeni kweli. Sheria ya Desemba 2022 dhidi ya utakatishaji fedha inailazimu kuuliza, na uongo mdogo unaweza kugeuzwa kesi kubwa kuliko yote mliyokuwa mkiogopa. "Ruzuku ya afya na ulinzi wa vijana" inatosha, mradi ndivyo mkataba unavyosema.

Mkiwa na wenzenu ng'ambo ya mpaka, chungeni zaidi. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 imeingiza utoaji wa fedha ndani ya kosa la "kukuza" mapenzi ya jinsia moja, na adhabu yake inafika miaka 20. Mtu wa Kampala asitumiwe kama njia ya kupokea au kupitisha pesa zenu, hata akijitolea mwenyewe. Zambia, ambako watu wa Kolwezi hupita kila wiki kwa biashara, kifungu cha 155 cha sheria yao ya adhabu kinatoa kifungo cha miaka 15 hadi maisha. Anayevuka mpaka wa Kasumbalesa asiwe na makundi ya mtandao kwenye simu yake.

Ndugu walio Ubelgiji, Ufaransa au Kanada wanaweza kuwa nguzo kuliko mfuko wowote, mkiwaomba kidogo na kwa kudumu. Euro tano kila mwezi kutoka kwa watu ishirini zinalipa karibu kila kitu katika ile hesabu yetu ya mwanzo. GoFundMe haimruhusu mtu aliyeko Kongo kufungua mchango na kuutoa hapa, kwa hiyo atahitajika mtu wa huko anayeaminika, na yeye pia atume tarakimu kila mwezi. Wito wenu uandikwe kwa uangalifu mkubwa. Kishawishi ni kusimulia kisa cha mtu halisi, mkibadili jina tu. Kolwezi si kubwa kiasi hicho. Ukiandika "binti wa miaka 19, mwanafunzi, aliyefukuzwa na baba yake mfanyabiashara wa madini wiki ya Pasaka," nusu ya mtaa wameshamjua, na wito ulioandikwa Brussels unarudi Kasulo kwa WhatsApp kabla ya jioni. Elezeni kazi na gharama. Anayetoa kwa sababu ameelewa hudumu kuliko anayetoa kwa sababu amelia.

Ule mfuko wa dharura uwe na mipaka iliyokubaliwa mapema, kwa sababu usiku wa tukio hakuna anayefikiri vizuri. Ulipe teksi, malazi, dawa, simu kwa wakili. Usiwalipe kamwe wanaotishia watu. Najua hili ni gumu unapomsikia mwenzako akilia kwenye simu, lakini anayelipwa mara moja hurudi, na akijua kuna mfuko nyuma ya mtu, bei inapanda. Akaunti ikivamiwa, Access Now ina huduma ya msaada wa usalama wa kidijitali, bure, mchana na usiku, na Kifaransa kinapokelewa. Sehemu ya mfuko huo ikae taslimu: tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya takriban wiki tatu, na mtandao wa kwenye simu pekee siku hizo ungekuwa bubu. Kubalianeni sasa nani atamtembelea nani.

Tengeni pia gharama ya miezi mitatu isiyoguswa, iwe ni ya kufungia. Ikifika siku ambayo hamuwezi kuendelea, pesa hiyo itawapa muda wa kutangaza mwezi mmoja kabla, kuwakabidhi waliokuwa wakisaidiwa kwa watu wengine mnaowaamini, kufuta makundi na nakala zilizoko kwenye seva, na kuamua kwa kura salio liende wapi. Andikeni hayo yote kwenye ukurasa mmoja leo, wakati bado hakuna ugomvi, na nakala yake ikae kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.